Mirija ya Madini: Urefu Unaotosha na Urefu Unaoua

Nanotyubu, yaani mirija midogo kupita kiasi, zilifika Mombasa bara miongo mingi kabla ya jina lake kuingia madarasani. Zilikuja ndani ya mabamba ya kijivu ya saruji na asbesto yaliyoezekea kota za wafanyakazi, shule na mabohari. Waliokulia chini ya paa hizo wanakumbuka ubaridi wake mchana wa kaskazi, na jinsi mvua ilivyonyesha juu yake bila kishindo cha mabati. Wachache sana waliambiwa kwamba kilicholishika bamba lisipasuke ni mirija ya madini, myembamba kiasi kwamba darubini ya shuleni haiwezi kuonyesha mmoja mmoja.

Mirija ya namna hiyo sasa imerudi sokoni kwa jina jipya. Watengenezaji wa resini, rangi na plastiki wanauziwa unga mweupe unaosemwa kwamba kiasi kidogo tu kitaimarisha bidhaa yao. Mtu wa Changamwe ana haki ya kuuliza: je, hii ni asbesto nyingine iliyobadilishwa lebo? Swali hilo lina jibu, na jibu lenyewe limo katika vipimo vitatu: urefu wa mrija, unene wake, na nguvu ya mshiko kati ya mrija na kitu kilichouzunguka. Ukivipiga hesabu, unaona kwamba ndani ya resini na rangi mrija mfupi unatosha kufanya kazi, lakini ndani ya saruji hautoshi. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: teknolojia hii tuipeleke kwenye boti na vyuma vinavyoliwa na chumvi, na tusiirudishe kwenye paa.

Kwa nini madini hujikunja

Litazame bamba la asbesto lililovunjika, kwa mbali na bila kuligusa. Ukingo wake haukuvunjika safi kama wa kigae. Una manyoya mafupi meupe yaliyochomoza kutoka kwenye saruji. Kila unyoya ni fungu la nyuzi nyingi mno, na kila uzi ni mrija ulio tupu ndani, wenye unene wa nanomita 30 hivi. Unywele wa mtu una takriban nanomita 80,000.

Madini yenyewe ni krisotili, au asbesto nyeupe, aina iliyotumika kuliko zote duniani. Imeundwa kwa tabaka mbili zilizoshikana: moja ya silika, nyingine ya magnesiamu na haidroksili. Tabaka ya magnesiamu ni pana kidogo kuliko ya silika. Zikilazimika kukaa pamoja, ile pana huenda nje, ile finyu hubaki ndani, na zote mbili hujiviringisha, kama jani la mgomba linalokauka upande mmoja. Mwanakemia wa Marekani Linus Pauling aliliona jambo hili kwa hesabu mwaka 1930. Mwaka 1950, Bates, Sand na Mink walithibitisha kwa darubini ya elektroni kwamba nyuzi za krisotili ni mirija. Nanotyubu za kaboni, ambazo ndizo zilizolifanya neno hili lipate umaarufu, zilitangazwa na Sumio Iijima wa Japani mwaka 1991, miaka 41 baadaye.

Haloisiti hufuata kanuni ileile lakini kwa kinyume. Ni ndugu wa kaolini, udongo mweupe wa kutengenezea vyombo vya kauri, isipokuwa ina maji kati ya tabaka zake. Hapa tabaka finyu ni ya alumini, kwa hiyo alumini hukaa ndani na silika nje. Mrija wake wa kawaida una unene wa nanomita 50 hadi 70, tundu la nanomita 15 hivi, na urefu wa nusu mikromita hadi mikromita moja na nusu. Nyuso zake za nje na za ndani zina chaji tofauti za umeme, nje hasi na ndani chanya.

Wa tatu ni imogoliti, iliyogunduliwa Japani mwaka 1962 na Yoshinaga na Aomine katika udongo wa majivu ya volkano. Unene wake ni nanomita 2 hivi tu, na mirija yake yote hutoka na unene uleule kwa sababu maumbile ya molekuli ndiyo yanayouamua.

Haloisiti ya Kenya ilikwisha kujulikana

Mwambao wetu ni wa matumbawe na mchanga, wala hatuna volkano. Lakini ukipanda hadi nyanda za juu za Kenya, udongo mwekundu wa mashamba ya chai na kahawa una kaolini na haloisiti kwa wingi. Jambo hili liliwahi kuwasumbua wahandisi katika ujenzi wa bwawa la Sasumua, mitelemko ya Nyandarua, lililojengwa miaka ya 1950 kulipatia jiji la Nairobi maji. Vipimo vya maabara vilionyesha udongo mwepesi, uliojaa maji kupita kiasi, ambao kwa mujibu wa vitabu ungepaswa kukataliwa. Uliposhindiliwa, ulikuwa imara.

Karl Terzaghi, mwasisi wa uhandisi wa udongo, aliitwa kushauri, na mwaka 1958 alichapisha maelezo yake. Alionyesha kwamba kisa kilikuwa haloisiti: chembe zake hushikana katika mafungu magumu yanayobeba maji ndani bila kuteleza. Wahandisi wa Afrika Mashariki walijifunza pia kwamba udongo wa aina hii ukikaushwa kwenye tanuri kabla ya kupimwa hutoa majibu mengine kabisa, maana maji ya kati ya tabaka yakishatoka hayarudi.

Somo hilo linamhusu moja kwa moja anayetaka kuuza unga wa haloisiti. Haloisiti ya udongo mwekundu imechanganyika na kutu ya chuma, na vipande vyake vingine ni vya duara au bapa, havikujiviringisha kuwa mirija. Migodi iliyopata soko duniani, kama Dragon Mine huko Utah na Matauri Bay huko New Zealand, ina haloisiti nyeupe iliyo safi kwa kiwango kikubwa. Kabla ya kutangaza utajiri wa nanotyubu Kenya, sampuli zipitie kwanza chini ya darubini ya elektroni.

Kuipika badala ya kuichimba

Njia ya pili ni kuitengeneza. Krisotili hupikwa ndani ya tangi la shinikizo: silika na chumvi ya magnesiamu huchanganywa katika maji yenye alkali kali, kisha joto hupandishwa hadi nyuzi 250 au zaidi kwa saa nyingi. Katika miaka ya 2000, kikundi cha Chuo Kikuu cha Bologna, wakiwemo Norberto Roveri na Giuseppe Falini, kilitengeneza krisotili safi kwa njia hii. Usafi wake una maana. Krisotili ya mgodini hubeba chuma kilichochukua nafasi ya baadhi ya magnesiamu, na chuma hicho ni miongoni mwa vinavyochochea kemikali zinazojeruhi seli. Ya maabara inaweza kutengenezwa bila chuma, ikawa fupi, ikawa ya kipimo kinachojulikana.

Imogoliti ilitengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1977 na V. C. Farmer na wenzake katika Taasisi ya Macaulay, Aberdeen. Haihitaji tangi la shinikizo. Chumvi ya alumini na asidi ya silika huwekwa katika maji mengi sana, yakapashwa moto karibu na kuchemka kwa siku kadhaa. Tatizo ni hayo maji: mchanganyiko ukiwa mzito, mirija haiundwi vizuri, kwa hiyo unatumia lita nyingi kwa gramu chache. Kiwanda hakiendeshwi hivyo, labda kwa bidhaa ya bei ya juu sana.

Iko pia nanotyubu inayogusa Likoni kwa karibu. Mwaka 1998 Kasuga na wenzake wa Japani walichemsha unga wa oksidi ya titani katika magadi makali kwa nyuzijoto 110, wakauosha kwa asidi na maji, wakapata mirija ya nanomita 8 hivi kwa unene. Madini ya titani ya Kwale, ilmenaiti na rutaili, yalisafirishwa nje kupitia gati lililojengwa Likoni kuanzia 2014, mpaka uchimbaji wa Base Titanium ulipokoma mwishoni mwa 2024. Muda wote huo tulisafirisha mchanga. Kutoka mchanga huo hadi oksidi safi kuna hatua za kemikali zenye gharama kubwa, na sidai kwamba kiwanda cha nanotyubu kingesimama Likoni kwa sababu tu gati lipo. Ninachodai ni kwamba hatukuwa hata na maabara ya kujaribu.

Hesabu ya mshiko

Mrija ukiwekwa ndani ya resini, nguvu haiuingii kupitia ncha. Huingia ubavuni, kwa mshiko wa resini kwenye ngozi yake. Mrija ukiwa mfupi mno, utachomoka kabla haujabeba mzigo unaolingana na uwezo wake. Urefu wa chini unaohitajika hupatikana hivi: zidisha nguvu ya mrija kwa unene wake, kisha gawanya kwa mara mbili ya nguvu ya mshiko.

Tuchukue uzi wa krisotili unaohimili gigapaskali 3, unene nanomita 30. Ndani ya resini nzuri, mshiko unaweza kukisiwa kuwa megapaskali 30. Jibu ni mikromita 1.5. Ukiurefusha mara tatu, mikromita 4.5, wastani wa mzigo wake unapita asilimia 80 ya uwezo wake wote. Sasa uweke uzi huohuo ndani ya saruji, ambako tukadirie mshiko kuwa sehemu moja ya kumi, megapaskali 3. Urefu wa chini unaruka hadi mikromita 15. Tena hiyo ni kwa mrija mmoja mmoja. Ndani ya bamba nyuzi hukaa kwa mafungu, na fungu nene huhitaji urefu mkubwa zaidi.

Weka kando ya hesabu hiyo kipimo cha pili. Shirika la Afya Duniani, katika kuhesabu nyuzi hewani, huhesabu uzi ulio mrefu kuliko mikromita 5, mwembamba kuliko mikromita 3, na ambao urefu wake unazidi unene angalau mara tatu. Kipimo hicho kinahusiana na mwili. Seli zinazosafisha mapafu humeza vumbi, lakini uzi mrefu hauenei ndani ya seli. Seli hubaki imeumeza nusu, ikimwaga kemikali zake pembeni mwaka baada ya mwaka. Saratani ya utando wa mapafu inayotokana na asbesto huchukua miaka 20 hadi 40 au zaidi kujitokeza, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeziweka aina zote za asbesto, krisotili ikiwemo, katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Mtu akivitazama vipimo hivi viwili kwa pamoja, mambo yanajipanga. Katika resini upo upenyo kati ya mikromita 1.5 inayotosha kazi na mikromita 5 inapoanza hatari inayojulikana. Katika saruji upenyo huo haupo: urefu unaotosha umeshaupita ule unaoua. Ludwig Hatschek wa Austria, aliyebuni mwanzoni mwa karne ya 20 mashine ya kutengeneza mabamba ya saruji na asbesto, alihitaji nyuzi ndefu, na urefu huohuo ndio uliowafuata wafanyakazi mapafuni.

Nitahadharishe hapa. Mikromita 5 ni kanuni ya kuhesabu, haina maana kwamba mikromita 4.9 ni salama. Unga wowote wa madini ukivutwa kwa wingi kazini huumiza mapafu. Lakini kati ya hatari inayozuilika kwa barakoa na maji, na ile inayokaa juu ya kitanda cha mtoto kwa nusu karne, tofauti ni kubwa.

Boti na chuma

Haloisiti haifiki mpaka wa juu wa upenyo huo, maana kwa maumbile yake ni fupi. Ugumu wake umepimwa ukawa gigapaskali 130 hadi 140 hivi, karibu mara mbili ya nyuzi za glasi. Hapo ndipo wauzaji huanza kutia chumvi. Chukua resini ya epoksi yenye gigapaskali 3, uitie haloisiti asilimia 5 kwa uzito. Kwa ujazo hiyo ni asilimia 2.3 tu. Mirija imelala kila upande, mingine haivutwi ipasavyo, na mingi iko karibu na urefu wa chini kabisa. Ukipunguza yote hayo, resini inapata ongezeko la sehemu moja ya kumi hivi. Mkeka wa faibaglasi uliolowekwa resini hufikia gigapaskali 7 bila unga wowote. Fundi wa boti asiache mkeka kwa ahadi ya unga.

Faida iko kwingine. Bodi ya boti ya faibaglasi hujengwa tabaka juu ya tabaka: fundi hulaza mkeka, hupaka resini iliyotiwa hadina, hupitisha rola kutoa hewa, hurudia. Kati ya mkeka na mkeka kuna resini tupu, na ufa ukiingia hapo hukimbia bila kizuizi. Mirija iliyotawanyika vizuri huulazimisha ufa kupinda na kuchomoa mrija baada ya mrija, na kila mchomoko hula nguvu yake. Sharti ni kwamba unga uchanganywe ndani ya resini kabla ya hadina, mpaka hakuna donge linaloonekana. Ukipita asilimia 5 hivi, resini huwa nzito, hewa haitoki, na donge lenyewe ndilo huanzisha ufa. Haloisiti pia hupenda maji. Isipopakwa kemikali ya kuishikanisha na resini, boti inayolala baharini itapata malengelenge mapema badala ya kuyaepuka.

Matumizi ninayoyaona kuwa ya maana zaidi kwa bandari yetu ni ya tundu la mrija. Yuri Lvov na wenzake huko Louisiana wameonyesha jinsi haloisiti inavyoweza kujazwa dawa ya kuzuia kutu. Unga huchanganywa na mmumunyo wa dawa, hewa hufyonzwa kwa pampu, na mmumunyo huingia kwenye tundu. Hurudiwa mara mbili au tatu, huoshwa, hukaushwa, kisha hutiwa kwenye rangi. Rangi ikikwaruzika na maji yakaingia, dawa hutoka ncha za mrija taratibu pale palipojeruhiwa. Bensotriazoli hufanya kazi hii kwa shaba, kama ya rafadha. Kwa chuma cha kawaida hutumiwa dawa nyingine za jamii hiyo. Fikiria feri za Likoni, zinazogonga mteremko wa zege siku nzima na kubanduka rangi palepale maji ya chumvi yanapozipiga. Huko mrija hauhitaji kuwa mrefu hata kidogo. Unahitaji kuwa na tundu tu.

Plastiki iliyorejelezwa nayo inastahili majaribio. Jahazi la Flipflopi, lililojengwa Lamu chini ya fundi Ali Skanda na kusafiri hadi Zanzibar mwaka 2019, lilithibitisha kwamba taka za plastiki zinaweza kuchongwa kwa mbinu za mafundi wetu. Tatizo la plastiki hiyo ni ulaini: ugumu wake ni karibu gigapaskali 1, na mbao nzuri ina mara kumi ya hapo ikipimwa sambamba na nyuzi zake. Haloisiti peke yake haitaziba pengo hilo. Nyuzi za glasi au za mkonge zifanye kazi kubwa, na haloisiti ifanye ile ya kuzuia nyufa.

Ya kuuliza kabla ya kununua

Tukumbuke kwanza deni la paa za zamani. Kanuni za Kenya za usimamizi wa taka za mwaka 2006 zinaihesabu asbesto kuwa taka hatari, na mamlaka ya mazingira, NEMA, ina mwongozo wa kuiondoa: bamba hulowanishwa, huteremshwa zima, hufungwa kwenye plastiki na kuzikwa mahali palipoidhinishwa. Mwenye nyumba anayelivunja kwa nyundo na kulitupa kando ya barabara anawagawia majirani nyuzi. Gharama ya kuondoa haikuwekwa kwenye bei ya bamba lilipouzwa, kwa hiyo leo hakuna anayeitaka. Katika kitongoji cha Owino Uhuru, hapo Mikindani, sumu ilikuwa risasi kutoka kiwanda cha betri kuukuu na si nyuzi, lakini hesabu ilikuwa ileile: mwaka 2020 mahakama ya mazingira Mombasa iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha baada ya kutenguliwa kwenye rufaa. Faida ya kiwanda iliisha zamani. Deni ndilo lililobaki.

Kwa hiyo anayeletewa unga wa nanotyubu aombe mambo manne kwa maandishi. Kwanza, mgawanyo wa urefu, yaani ni mirija mingapi kati ya mia iliyozidi mikromita 5. Wastani peke yake haufai, maana mirefu michache ndiyo yenye madhara. Pili, madini gani hasa, na yana chuma kiasi gani. Tatu, uthibitisho wa maabara huru kwamba hakuna asbesto iliyochanganyika. Nne, vumbi linalotoka bidhaa ikikatwa kwa grainda au kupigwa msasa, maana boti hutengenezwa mara moja na hupigwa msasa maisha yake yote. Msasa uwe wa maji, na unga usafirishwe ukiwa umekwisha kuchanganywa kwenye resini, ili fundi asiufungue mfuko mkavu hata mara moja.

Shirika la viwango, KEBS, linaweza kuyafanya mambo haya manne kuwa sharti la uagizaji kabla soko halijakua, wakati ambapo sharti hilo haliwagharimu watu wengi. Na kwa anayekuja na mabamba ya saruji yenye mirija mirefu ya madini, ya kuchimbwa au ya kupikwa, jibu lipo tayari kwenye hesabu ya mshiko: saruji inadai urefu ambao mapafu hayawezi kuulipia. Paa zina mabati, na zina mabamba yanayotumia nyuzi za selulosi na za plastiki yanayotoka kwenye mashine ileile ya Hatschek. Mirija ya madini ipewe kazi inayolingana na ufupi wake.